Mtoto Asiyeshtuka

Jumatatu, 8 Juni

Magunia ya alizeti yamejaa hadi mlangoni mwa kinu. Nimekamua mafuta tangu asubuhi, na mimba yangu ya miezi minane. Mashine inanguruma, mtoto ametulia.

Mchana nimekwenda zahanati, hapa hapa Nduguti, kwa watafiti waliokuja. Wanalinganisha akili za watoto walio tumboni, wa huku na wa nchi nyingine. Daktari wao kaweka kifaa kinachovuma juu ya tumbo. Watoto wa huko hushtuka. Wangu kimya. Karudia. Kimya.

"Tutapima tena Alhamisi." Sura yake sikuipenda.

Jumanne, 9 Juni

Nesi kanieleza bila kuzunguka: asiposhtuka tena, ataandikwa kuwa ubongo wake unachelewa. Mwanangu! Hajazaliwa, tayari ana jina baya. Nimekasirika sana. Mama mkwe analitazama tumbo, anatikisa kichwa. Bora angesema.

Jumatano, 10 Juni

Umeme umekatika. Mashine kimya ghafla. Mtoto karuka mpaka nikashika ukuta.

Umeme uliporudi nikawasha. Akatulia. Nikazima kwa makusudi. Akaruka! Nikawasha tena. Akalala. Wateja wananiona nimechanganyikiwa. Wanione tu. Huyu hana tatizo. Kelele amezizoea huyu.

Alhamisi, 11 Juni

Siku ya kwanza daktari aliuliza nafanya kazi gani. Nilijibu "mkulima". Huku ndivyo tunavyojibu wote, hata baba mdogo mwenye maduka. Leo nimesema kweli: nakamua alizeti, siku nzima niko na mashine.

Nikamsimulia na umeme ulivyokatika. Akachukua simu yangu, niliyorekodia mngurumo wa mashine, akaiweka tumboni. Akaizima ghafla. Kwenye skrini ya ultrasaundi mtoto katupa mikono yote miwili.

"Anasikia, dada. Na ameshazoea. Kile kifaa chetu kwake si kitu." Kaahidi kuwauliza upya kina mama wote kazi zao, kabla hajaandika lolote.

Nilitaka kupiga vigelegele. Akaongeza: "Lakini masikio yake bado machanga. Kelele hizo zimetosha. Acha mashine mpaka ujifungue."

Msimu huu wa kukamua! Imeniuma. Nimekubali.

Jumamosi, 13 Juni

Shemeji anakamua. Mimi niko nyumbani, nachambua maharage. Kimya kila mahali. Mtoto hatulii, anageuka huku na huku. Nimemwambia kwa Kinyiramba avumilie. Mimi mwenyewe kimya hiki sijakizoea.