Faili la Barua za Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Natumaini hamjambo. Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anatembea, anazilalamikia mboga zangu kama kawaida yake. Macho tu ndiyo yamezidi kufifia. Sasa anaona mwanga wa dirisha, basi. Nakuandikia kwa kalamu, na sababu utaiona. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Ulipoondoka ulimwachia Mama ile kompyuta ya mezani, ukanipa mimi kazi ya kumsomea barua pepe zako. Mlicheka, mkasema kazi imempata mwenyewe, maana tangu utotoni mnaniita Kasuku: nikitumwa neno nalifikisha lilivyo. Kila Jumapili Mama alivuta kiti, akajitengeneza kama anayepokea mgeni, nami nikasoma. Kisha barua zikakatika, na simu ukawa hupigi. Ni miaka miwili sasa. Kila Jumapili ananiuliza kama umeandika, nami namjibu bado, labda kazi zimekubana.

Mwezi uliopita akaniambia, kama mpya hazipo, nimsomee za zamani zote, kuanzia ya kwanza. Nilijitia hamnazo wiki nzima. Aliposhikilia, nikamwambia faili lote la barua limeharibika, halifunguki. Nilidhani atakata tamaa. Wapi! Ukaidi wa Mama unaujua. Alimwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, tunayemwita Taratibu kwa jinsi asivyojua haraka, aje afanyie kazi hapa hapa sebuleni, yeye akisikia.

Taratibu hakuligusa faili lenyewe. Alitoa nakala kwanza, akahangaika na ile nakala. Baada ya saa mbili akasema kilichoharibika ni sehemu ya mwanzo tu, panapoorodheshwa kilichomo. Barua zenyewe zi salama. Mama akapiga makofi. Ndipo fundi, kwa furaha ya kazi yake, akaongeza kwamba hata zilizofutwa zimerudi, kwani barua ikifutwa huondolewa kwenye orodha tu, yenyewe hubaki mle ndani mpaka nafasi yake ichukuliwe na nyingine. Loo, Dada! Mama akamwambia aanze na hizo zilizofutwa.

Akasoma ile uliyomwambia Mama kwamba una mimba, unamwomba aje akae nawe, tiketi iko tayari. Akasoma na jibu lililotoka kwa jina la Mama: eti amechoka, usimsumbue tena. Akasoma ya mwisho, fupi, yenye namba yako mpya ya simu: mtoto amezaliwa, wa kike, mmempa jina la bibi yake. Mama aliuliza kwa sauti ndogo sasa ana umri gani. Fundi akatazama tarehe, akamwambia mwaka na miezi minane.

Jibu lile niliandika mimi. Mama hakujua lolote. Niliogopa akija kwako hatarudi, nibaki peke yangu na kuta hizi. Barua nilizifuta mimi. Na faili nililiharibu mimi, kwa kuchomoa waya wa umeme mara tatu, mara nne, barua zikiwa wazi, mpaka likagoma. Mtu mzima mwenye ndevu! Naona aibu hata kumpelekea Mama chai. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba maneno yale hakuyasema yeye, na kwamba hatakupigia simu mpaka uyasikie haya kutoka kwangu.

Nisamehe, Dada, siku utakayoweza. Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Usimtaje mjomba wake kwanza.

Mama anasema anakuja. Najua huna sababu ya kuniamini. Yeye pia haniamini: Taratibu amekaa hapa anangoja nimalize, amsomee barua hii neno kwa neno kabla haijafungwa. Mama akiridhika ataweka dole gumba lake kwenye nafasi niliyoiacha hapo chini. Usipoliona, jua nimedanganya tena.

Mdogo wako,
aliyekuwa Kasuku