Nyota Nyekundu Iliyopotea

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Takawiri tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kama nyota nyekundu ikififia ni ishara ya msiba.

Miaka ya sitini, nikiwa msichana, baba yangu aliugua, na nyota kama hiyo ikapotea kabisa. Mama hakutulia. Kila jioni alitoka kuitafuta, akarudi mbio kumgusa baba aone kama bado yu hai. Mwalimu wetu akamwambia, "Mama, hiyo nyota imezeeka. Huvimba na kunywea, ndiyo maana mwanga hupungua. Itarudi."

Baba alifariki kabla haijarudi. Ilipoonekana tena, mama aliitazama sana.

"Kumbe ilikuwa na mambo yake, si yetu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala hadi asubuhi.

Nakukumbatia,
Nyanya yako, dani