Sauti Iliyosikika Harusini Kwako

Kayanga, Karagwe
Jumapili alasiri

Mdogo wangu mpendwa Yustus,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, za kwenye simu na zile ulizompa Mama anifikishie. Wewe na Adela mnaendeleaje huko Mtwara? Joto mmelizoea, au bado linawatoa ndani usiku? Sisi tuko wazima. Mguu wa Mama umeanza kukubali kukanyaga. Jana asubuhi alitembea mwenyewe hadi kwenye mikeka ya kahawa, akakaa akizigeuza taratibu huku ukungu ukimpita mabegani, hata nikawa simwoni, nasikia tu buni zikisogea. Anakusalimu sana. Anasema amekuota umevaa suti ya harusi, unamenya ndizi.

Wiki mbili sasa nairudia barua yako. Umeandika kwamba ukumbi mzima ulinyamaza sauti ya Tata, marehemu baba yetu, ilipotoka kwenye spika, na wewe ukalia. Kisha ukaandika kwamba mtu aliyesema vizuri namna ile hawezi kuwa amekuachia kigugumizi chako, na kwamba ulipokwama kwenye kiapo, padri akakumalizia neno, ulitamani sakafu ifunguke. Kwa hiyo acha nikusimulie ile Jumamosi ya harusi yako ilivyokuwa huku.

Unajua Mzee Polikarpi, aliyekuwa akipiga video za sherehe hapa Kayanga, aliipata Ijumaa jioni ile diski ya zamani yenye video ya kipaimara changu, ambamo Tata anaongea. Ni diski nzito kama tofali, yenye waya mpana kama utepe. Aliniazima kifaa cha kuiunganishia, kisha akaondoka kwenda Nkwenda kwa binti yake. Asubuhi nikaiwasha pale stationery ninapofanya kazi. Ikaunguruma kwa ndani, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea, na ndani ya robo saa faili lote likawa kwenye kompyuta yangu. Gigabaiti ishirini, kipande kimoja kisichokatika. Kompyuta yangu haikuweza hata kulifungua. Nikasema si kitu, nitalituma lilivyo, wenye mitambo huko watalifungua.

Nikapiga hesabu. Laini yetu ya intaneti ni ya megabiti mbili kwa sekunde, nami nikaihesabu kama megabaiti mbili. Nikapata saa tatu kasoro. Nilianza saa tatu asubuhi, nikakuahidi kwamba kufikia saa sita Tata atakuwa Mtwara. Nilikaa nikiuangalia ule mstari wa kijani. Nje mvua ilikuwa inanyesha na jua linawaka, na mimi nilimwona Tata akiwa njiani, vipande vipande, akivuka milima yote ile kuja kwako. Nadhani nilisinzia.

Saa sita ilipofika mstari ulikuwa haujafika hata robo. Nikampigia Mzee Polikarpi. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama herufi iliyoandikwa kwenye mkataba wa laini ni b kubwa au ndogo. Akanieleza kwamba diski huhesabiwa kwa baiti, laini za simu kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabaiti mbili zangu zilikuwa robo ya megabaiti tu. Zile saa tatu zikawa ishirini na mbili. Tata angefika Jumapili asubuhi, viti vikiwa vimeshakusanywa.

Wakati huohuo Bamdogo Cassian aliingia kujikinga mvua. Akanikuta nalia, akaniuliza, nikamweleza.

Yustus, sauti uliyoisikia ni ya Bamdogo Cassian. Mimi ndiye niliyemwomba. Yeye alikataa mara mbili, akisema maiti haisemewi. Nikamwambia wewe ulikuwa na miaka mitano Tata alipofariki, hutaitambua. Akaivua kofia yake, akaongea dakika moja kwenye simu yangu, nami nikakutumia. Ilifika papo hapo. Usimlaumu yeye.

Jana Mzee Polikarpi alirudi, akalifungua faili kwenye mashine yake, tukaliangalia mimi na Mama. Tata amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, wewe uko mapajani mwake, una miaka minne, unataka kusema kitu na hakitoki. Shangazi mmoja anakusaidia. Tata anamnyooshea mkono, anaanza kuongea, na inamchukua muda, mdogo wangu. Midomo inatetemeka, jicho moja linafumba. Anasema: "M… m… msimmalizie. Mwa… mwacheni alifikie mwenyewe."

Alikuwa na kigugumizi kikubwa kuliko chako. Mama alitukataza kukitaja baada ya yeye kufariki, akiogopa kwamba kukitaja kutakufanya usipone. Nami nilikuwa na miaka kumi na tano, nilikijua, nikanyamaza. Mama jana alishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akaomba irudiwe, ikarudiwa mara sita. Amekubali nikuandikie.

Nimekuambatishia kipande hicho kikiwa kimekatwa, dakika nne tu. Kitazame ukiwa na Adela. Ukinikasirikia, ni haki yako.

Bamdogo anakusalimu kwa aibu. Majirani wote wa nyumbani Ihanda wanawasubiri Krismasi. Mpe Adela mkono wangu. Na ukishatazama nipigie simu. Chukua muda wako kusema lolote utakalosema, mimi nitasubiri.

Dada yako,
Mackrine