Mafuta ya Kukamulia Yarudi Zizini

Dodoma, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umerudi salama kutoka shambani na lile goti limeacha ubishi. Tembo wamewaachia mahindi, au bado mnapiga madebe? Mimi ni mzima. Kazi ya ujenzi ipo, vumbi la huku lipo, na ugali naupika mwenyewe, usicheke.

Nimeandika kwa sababu barua huwezi kuikata. Kwenye simu, kila nikigusa habari ya mafuta ya Ghati unasema mtandao unasumbua, na huku nasikia mpaka kuku wako wakilia.

Mke wangu ameniambia kidonda kwenye sikio la binti yangu Ghati hakijapona tangu wakati wa palizi. Hata hivyo kila asubuhi, kabla hujatoka naye, unampaka mafuta ya kukamulia. Jibu lako nalijua: "Mura, mwanangu, chuchu za ng'ombe wangu hazijawahi kupasuka, itakuwa ngozi ya mtoto?" Ni kweli yanalainisha. Lakini hayazuii jua, mama. Ghati ana ualbino, ngozi yake haina kinga tuliyozaliwa nayo sisi. Naogopa sana.

Hapa kazini yupo fundi wa rangi anaitwa Juma, naye ana ualbino. Nilimkuta anajipaka losheni ya kukinga jua asubuhi, nikamweleza habari za nyumbani. Akavua kofia yake. Upande wa kushoto hana sikio, lilikatwa hospitalini kwa saratani ya ngozi. Akasema, "Mimi nilipakwa samli. Na bibi yangu alinipenda kuliko watu wote duniani." Chakula cha mchana kilinishinda siku ile.

Jumamosi tulizunguka naye madukani. Muuza vipodozi mmoja akatutolea chupa ya kupendeza, eti inakinga jua na kung'arisha ngozi. Nikamwambia, "Mwanangu ni mweupe kuliko wewe, unataka nianze kuona maini yake?" Juma alicheka mpaka akakaa chini. Mama, za kung'arisha zinachubua ngozi. Usizipokee hata zikija kutoka mpakani Sirari na maneno matamu. Tulimalizia duka la dawa. Dada wa pale akatuonyesha cha kutazama: iandikwe SPF, namba isipungue thelathini, ikinge miale ya jua ya aina zote mbili, UVA na UVB, na muda wake uwe haujapita. Nilichukua ambayo haina manukato, maana Ghati huwashwa upesi.

Ipo kwenye mfuko niliompa dereva wa basi, pamoja na mashati ya mikono mirefu na kofia pana. Kapelo asivae, inaacha masikio nje. Mpake vya kutosha kabla hamjatoka, usoni, shingoni, masikioni mbele na nyuma, na urudie kumpaka akitoka jasho. Jua likikaza, akae kivulini. Chupa usiiache juani kwenye tuta.

Na chupa hiyo ni ya Ghati peke yake! Naijua nyumba yetu, mafuta yakionekana kila mgeni ananyoosha mkono, nawe huna moyo wa kumnyima mtu. Safari hii nyima. Watoto wengine nimewawekea kopo lao la mafuta.

Kidonda ni habari nyingine, hakitibiwi kwa losheni. Kesho yake mkipata barua hii, Ghati aende hospitali Mugumu, mdogo wangu Mwita atawachukua kwa pikipiki. Hilo siombi, nalisema kama baba yake. Unisamehe sauti.

Mke wangu alitaka kuanzia sasa ampake yeye. Nimekataa. Ghati anatulia kwako tu, kwa sababu unamwimbia wakati unampaka, wengine anawakimbia mpaka kwa jirani. Kwa hiyo mikono ibaki yako, na nyimbo ziwe zilezile. Mafuta ya kukamulia ndiyo yarudi zizini.

Nisalimie mke wangu, umwambie hakukosea kunieleza. Msalimie Mwita, aendeshe taratibu, na shangazi yangu wa Morotonga akipita.

Ghati mwambie Krismasi nakuja kumvuta masikio kwa utundu wake. Nataka niyakute yote mawili.

Ni mimi mwanao,
Marwa