Bibi Anadhani Mgonjwa Ni Yeye

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijaanza naahidi kukueleza yote, hata yale yanayomwaibisha baba yangu ninayempenda, kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia kwamba ukiomba msaada huku umeficha nusu ya shida utasaidiwa nusu, na mimi nusu haitanitosha.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Ninaishi na baba, mama na bibi mzaa baba. Baba ni fundi wa kuchomelea, hutengeneza mageti na madirisha, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara mpaka mwenye kiwanja alipokitaka kiwanja chake, na tangu hapo mashine, mabomba na mitungi ya gesi vimelala chini ya turubai uani kwetu na baba hana pa kufanyia kazi. Mahali pekee panapotosha kujenga banda ni nyuma ya chumba cha bibi, na hapo pamesimama mwarobaini mkubwa ambao mtu mzima akiukumbatia mikono yake haikutani.

Manispaa yetu ina sheria kwamba mti wa unene huo haukatwi bila kibali hata kama umeota ndani ya ukuta wako, isipokuwa mti uliokufa wenyewe, huo unaruhusiwa kuuondoa. Baba aliomba kibali kama inavyotakiwa. Akaja afisa ambaye mtaani tunamwita Bwana Miti, akauzunguka mwarobaini, akaugonga kwa kifundo cha kidole kama daktari anavyogonga kifua, akasema ni mzima na haukatwi.

“Yaani kwangu, ndani ya geti nililolichomelea kwa mkono wangu, nakatazwa kukata mti?” baba akauliza.

“Ndiyo, fundi. Lakini siku ukifa, hata usinipigie simu, wewe kata tu.”

“Akifa yeye au ukifa mti?” akadakia baba mdogo, na wote watatu wakacheka, hata baba.

Bibi alisikia kicheko hicho kutoka kitandani kwake akapaza sauti dirishani: “Niacheni na mti wangu! Nikishakufa mtakata, mtajenga, mtacheza ngoma hapo mkitaka.” Baba akajibu, “Sawa, mama, nimekubali,” na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikamsikia akikubali.

Baba mdogo ana duka la dawa za kilimo. Siku chache baadaye akaja na chupa ndani ya mfuko mweusi akasema, “Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini, mimi nimeuletea la arobaini na moja.” Siku bibi alipopelekwa kliniki wakatoboa shina kwa drili upande wa ukutani, wakamimina dawa ya kuua magugu iliyokuwa ndani ya ile chupa, wakaziba matundu kwa sabuni ya mche na kuyapaka udongo ili yasionekane. Mimi nilipewa kazi ya kufagia majani kila asubuhi kabla majirani hawajafungua milango, na mama akanishika bega akaniambia, “Ukifungua mdomo, baba yako anaingia ndani, na wewe na shule ndiyo basi.” Nikaapa kwamba sitasema.

Sasa nakuomba unisikilize hapa, Mshauri, kwa sababu hapa ndipo palipoharibika. Jirani wa nyuma ya ukuta ni binamu yake Bwana Miti, na ukuta wetu si mrefu, kwa hiyo baba mdogo akatoa shauri kwamba mtu yeyote asitamke neno mti. “Tumwite mgonjwa,” akasema, na sote tukacheka, nami nikacheka, kwa sababu darasani tulikuwa tukisoma ngeli, na niliona jinsi walivyoitoa U wakaweka A. Mti umekauka. Mgonjwa amekauka. Ni herufi moja tu, na ilifanya kazi vizuri, maana jirani alikuwa akisikia mazungumzo yetu na kutupa pole ya kuuguza, akidhani tunamzungumzia bibi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba bibi naye angedhani hivyo hivyo.

Bibi ana presha, miguu yake imevimba, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho, kwa hiyo haoni kwamba majani yamekuwa ya manjano. Anasikia tu, na kusikia anasikia kupita sisi wote. Kitanda chake kimeegemea dirisha, na chini ya dirisha hilo ndipo baba na baba mdogo hukaa jioni juu ya ile mitungi ya gesi. Mimi nilikuwa ndani nikimkanda bibi miguu siku waliyozungumza haya, na nayaandika kama yalivyo.

“Vipi mgonjwa?”

“Anakawia. Amekonda, lakini bado yupo.”

“Mwongezee dawa.”

“Nikizidisha watu watashtuka.”

“Wewe unamwonea huruma bure, kaka. Kala chumvi nyingi huyo, muda wake umefika. Akiondoka leo, kesho tunaanza kujenga.”

“Najua. Nimechoka kumsubiri.”

Mguu wa bibi ulikakamaa mkononi mwangu. Nikadhani nimemminya vibaya, nikamwomba radhi, naye akasema, “Hujaniumiza wewe, mke mwenza.” Huniita hivyo kwa utani tangu nikiwa mdogo. Mimi nilikuwa nimeuzoea msimbo wetu kiasi kwamba niliposikia maneno yale niliuona mti tu, sikufikiri yeye anamwona nani.

Tangu jioni ile mama akimletea uji anasema ameshiba. Mimi nikimletea ananiambia, “Uonje kwanza wewe, mke mwenza,” nami nikawa naonja na kucheka, nikidhani ni utani wake wa siku zote. Halafu Jumamosi nikabadilisha foronya ya mto wake, vidonge vya presha vikamwagika sakafuni, vingine vimelowa mate na kukauka tena, na nikajua kwamba alikuwa akiviweka mdomoni mbele yetu na kuvitema tukishaondoka. Nikamuuliza kwa nini. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake akasema, “Usimwambie baba yako kwamba nimesikia. Ataona aibu. Amehangaika sana bila karakana, mwanangu yule, na mimi ndiye niliyeliwekea banda lake kizuizi. Nilisema nikishakufa. Basi nisimcheleweshe.”

Nilitaka kusema, lakini niliogopa. Nikimwambia kwamba mgonjwa ni mti, atajua kwamba mwanawe alimwitikia “sawa, mama” huku ana nia nyingine, na presha yake inaweza kupanda hapo hapo, na Bwana Miti akija kwa binamu yake hupita kumsalimia dirishani na bibi hajui kuficha jambo, kwa hiyo baba atakamatwa na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfunga baba yangu. Nikinyamaza, bibi anazidi kudhoofika, na jana sauti yake ilikuwa ndogo nikalazimika kuinama ili nimsikie, na mama anasema ni uzee tu. Mama mmoja jirani naye bado huja kuchuma majani ya mwarobaini ya kuwachemshia wanawe wakiwa na homa, na mama hamwambii kitu, anatazama pembeni.

Jambo moja zuri ninalo. Jana nikifagia niliona chipukizi jekundu kwenye tawi la chini kabisa. Sijamwambia mtu yeyote. Nimeona niliandike hapa tu.

Tafadhali nijibu kwa anwani ya shule, mwalimu wangu wa Kiswahili amekubali kunipokelea, namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nijibu upesi, kwa posta inayofuata ikiwezekana. Je, nimwambie bibi kwamba mgonjwa ni mti, au nitunze kiapo changu?

Mimi, mfagiaji wa majani

*

Mwanangu,

Mwambie. Mwambie leo. Gazeti hili hutoka Jumamosi na bibi yako hana nafasi ya kuisubiri Jumamosi, kwa hiyo nimempigia simu mwalimu wako na kumsomea jibu hili neno kwa neno, naye ameahidi kukuita kabla kengele ya kutoka haijalia. Atakusindikiza nyumbani. Hapa ninalichapisha kwa ajili ya nyumba nyingine zenye siri zinazofanana na yenu, nazo zipo.

Kiapo chako si kiapo. Mtu mzima anayemwapisha mtoto ili afunike kosa la watu wazima amemtwisha mzigo usio wake. Utue hapa, mimi nimeupokea. Na usiniambie tena kwamba utakuwa umemfunga baba yako. Aliyeshika drili ni nani? Wewe ulishika ufagio.

Sasa sikiliza jinsi ya kumwambia, maana ukikosea atadhani unambembeleza. Mtu aliyeusikia mwito wa kifo chake kwa sauti ya mwanawe mwenyewe hawezi kuamini maneno matamu ya mjukuu. Usianze na maneno. Kachume lile chipukizi. Najua ndilo jambo lako moja zuri, lakini lichume, ukamwekee mkononi. Kisha wewe na mwalimu mmbebe juu ya kiti mpaka kwenye shina, na uushike mkono wake uuweke kwenye matundu, akwangue udongo, akwangue sabuni, mpaka kidole chake kiingie. Macho yake hayaoni, vidole vyake vinaona. Hapo ndipo umwambie: “Huyu ndiye mgonjwa, bibi.” Mkimaliza mnawe mikono kwa maji mengi, wewe na yeye. Kisha ule naye uji katika bakuli moja, kijiko kimoja wewe, kijiko kimoja yeye.

Atalia, na pengine atakasirika. Mwache akasirike. Bibi mwenye hasira anakula. Lakini asimeze vidonge vyote alivyovikosa kwa mkupuo, wala wewe usimpimie kwa kukisia. Siku hiyo hiyo apelekwe zahanati, na mwalimu wako amweleze mganga waziwazi kwamba ameacha dawa na kwa nini ameziacha. Ukifika nyumbani ukamkuta hazungumzi au hakutambui, achana na shina na chipukizi, mbio zahanati moja kwa moja.

Mama mwenye nyumba, najua utaisoma barua hii, maana majirani watakuonyesha. Unamtazama mwenzako akichuma majani yenye sumu ya kuwachemshia watoto wake, nawe unatazama pembeni? Nenda leo ukamgongee. Mwambie asichume hata jani moja, na yale aliyonayo ayatupe. Akikuuliza kwa nini, mwambie kwa nini.

Na wewe fundi. Nimekuonea huruma, nakiri. Mtu mwenye kazi mikononi asiye na mahali pa kuifanyia huumwa ugonjwa ambao hakuna anayempa pole. Lakini Bwana Miti alikuruhusu kuondoa mti uliokufa. Mti uliouawa ni habari nyingine, na atakapokuja kuugonga tena atayaona matundu, usijidanganye kwa sabuni. Basi umwendee wewe kabla hajakujia. Mwambie ulichofanya. Mwulize kama mti unaweza kuokolewa, na kama hauwezi, ni nani aushushe kabla matawi makavu hayajaangukia paa ambalo mama yako amelala chini yake. Mwulize pia kama angekuruhusu kupunguza matawi ya upande mmoja na kuegemeza banda dogo hapo, jambo ambalo ungeweza kumwuliza tangu siku ile mlipokuwa mnacheka. Utatozwa faini, na pengine zaidi ya faini. Yabebe.

Lakini kabla ya manispaa, kuna safari fupi zaidi. Simama chini ya lile dirisha, mahali pale pale ulipokuwa umekaa juu ya mtungi. Usiingie ndani kwanza, asikusikie kutoka upande mwingine. Yale maneno yalipitia hapo na hapo ndipo yatakapoondokea. Mdogo wako naye awe kando yako, utani wake auache dukani. Kisha useme kwa sauti ile ile uliyoitumia jioni ile: “Mama, ni mti. Umekauka. Ulikuwa unakawia. Tulichoka kuusubiri.” Uyataje yote, na kila neno ulirudishie U yake.

Kisha ukae kimya ungoje ajibu. Akikujibu, shukuru.

Mwanangu, uliniuliza swali moja, nami nakuuliza moja. Nijibu kwa simu ya mwalimu, usingoje posta: amekula?

Mshauri wako