Stoo ya Diwani na Ziwa Lililofungwa

Mwambao wa Ilagala,
Kigoma.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umeacha kuvimba? Na Baba, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Singida? Mjukuu wenu Zena ameota meno ya mbele, anauma kila mtu. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na haya sitaki Baba ayasikie.

Mkweo Hamisi yuko mahabusu, Kigoma mjini.

Unajua serikali hulifunga ziwa miezi kadhaa ili samaki wazaane. Safari hii diwani wetu aliitisha mkutano hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Alivua viatu akasimama majini na suruali yake ya kitambaa. "Ziwa ni la Mungu, halina kufuli! Sheria hii inawaua. Ingieni mkavue, atakayekamatwa nitamtoa mimi!" Wanaume wakambeba juu juu. Hamisi alirudi nyumbani anaimba, Mama, na kesho yake akaingia ziwani. Askari wa doria wakamdaka. Nyavu zake zikachomwa moto palepale mwaloni, sote tunatazama.

Nikafunga safari hadi Ujiji, nyumbani kwa diwani, kumkumbusha ahadi yake. Niliambiwa nisubiri uani. Stoo ilikuwa wazi, vijana wanapakia lori magunia ya dagaa wakavu. Sisi wanawake wa huku, tukishaanika dagaa, kila mmoja hufunga magunia yake kwa utepe wa kanga yake, yasichanganyike. Kabla ziwa halijafungwa alikuja mnunuzi akatutisha kwamba malori hayatakuja tena, tukamuuzia kwa bei ya kutupa. Sasa naona gunia limefungwa kwa utepe wa ile kanga ya zambarau uliyonitumia nilipojifungua! Pembeni yake utepe wa wifi yangu, na wa jirani yangu. Jasho la mwambao wote lilikuwa mle ndani.

Mpakiaji mmoja akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Nikamuuliza dagaa wanauzwaje siku hizi. Akacheka. "Ziwa likifungwa bei inapaa, Mzee anavuna, mama. Dua yake wasilifungue mapema."

Diwani akatoka. Alinipa pole nyingi, akasema Jumamosi anakuja tena kijijini kuipinga hiyo sheria, niwalete wanawake wenzangu. Na Hamisi? "Tunalishughulikia." Nilitaka nimshike mkono nimwoneshe ule utepe. Badala yake nikasema ahsante, Mheshimiwa. Nilijichukia njia nzima.

Nilipompelekea Hamisi chakula nikamweleza yote. Alimeza tonge, akasema, "Hata kama, Mama Zena. Usimuudhi. Nani mwingine anatusemea?"

Jumamosi nitakwenda na wenzangu, na diwani akisimama tutapiga vigelegele.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa yake ya macho nimeiulizia, hapa haipo. Kaka yangu fundi baiskeli naye mpe salamu, na mkewe. Wakisikia habari hii wasijisumbue kuja, hakuna watakachobadilisha.

Baba akimuulizia mkwewe, mwambie ni mzima, yuko ziwani anavua.

Ni mimi mwanao,
Mariamu