Dagaa kwenye uwanja wa tenisi

Shikamoo Mama,

Huku Kigoma, asubuhi kwenye uwanja wetu wa tenisi wanaanika dagaa. Kweli! Akina mama wa Bangwe wanawatandaza mpaka chini ya neti. Siku ya kwanza nilinuna: nimetoka Morogoro kuja kambini kucheza, halafu nisubiri dagaa wakauke? Kocha akasema, "Toa kitabu usome. Wakikauka, tutacheza."

Basi nasoma Baiolojia kivulini, na Mama Zuwena, mwenye dagaa, kila akija kuwageuza ananiuliza, "Umefika wapi, mwanangu?" Kumdanganya siwezi, maana anataka nimweleze. Habari za figo sasa anazijua kama mimi.

Leo mvua imekuja ghafla kutoka ziwani. Tumekimbia wote kuzoa dagaa, hata kocha na beseni lake, na kitabu changu kikazolewa humo humo. Jioni Mama Zuwena kanirudishia kimejaa magamba.

Wabusu wadogo zangu, nimewakumbuka mno. Nawe Mama, ulisema nikirudi na kitabu bado kipya kama nilivyoondoka nacho, raketi unaifungia kabatini. Sawa. Ila nikifika, kinuse kwanza.

Mwanao,
Neema